Ni Lini Neno Liende Polisi?

 

Ndugu wasomaji, katika siku za mwisho za Ramadhani iliyopita kulizuka ugomvi katika kundi moja la WhatsApp la watu wa mji wetu. Asili yake ni jambo tulijualo sote, nalo ni mwandamo wa mwezi. Wako waliosema tufunge na tufungue kwa mwezi ulioonekana popote, na wako waliosema hatufuati ila ulioonekana kwetu. Masala haya yana wanazuoni pande zote mbili tangu zamani, na lau wazungumzaji wangaliyazungumza kwa ilimu na adabu, kila mmoja angalilala na faida. Hawakufanya hivyo. Ulipofika usiku wa manane hoja zilikuwa zimekwisha, yamebaki matusi.

Asubuhi yake alitujia mwenzetu mmoja, mtu wa darasa letu, ana karatasi mkononi. Alikuwa ameyanakili matusi yote aliyotukanwa yeye na tuliyotukanwa sisi, akayatia nambari, yakatimia 11. Tuliitwa wajinga, tukaitwa punda, tukaitwa wauza dini. Alitaka tutie saini chini ya karatasi ile apate kwenda nayo kituo cha polisi, kwani, alisema, askari akiona jina la sheikh hatalipuuza jambo. Nasi hatutaficha: tulipoisoma tulikasirika, na kalamu tulikwisha kuishika.

Lakini tuliomba kwanza tusomewe mazungumzo yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndani yake tukakuta maneno mawili ambayo hayakuwamo katika karatasi. La kwanza, mtu mmoja, kwa kutaka kumuumiza mpinzani wake, alimtaja binti wa nduguye mpinzani huyo, msichana aliyeposwa, akamzulia zina, na akatia picha yake chini ya maneno yale. La pili, mtu mwingine aliandika kwamba mpinzani yule hupita njia fulani peke yake akirudi sala ya alfajiri, na kwamba vijana wamjua na wamngoja.

Tukamwuliza mwenzetu, "Mbona haya hukuyaandika?" Akajibu, "Sheikh, hilo la msichana ni aibu ya watu, tusiifukue. Na hilo la njia ni maneno ya vijana tu."

Na lililotuuma zaidi ni hili: wote wawili walioandika maneno yale walikuwa wa upande wetu.

Basi kalamu tukaiweka chini. Tuliona kwamba mizani yetu imepinduka. Maneno yaliyougusa ukubwa wetu tumeyafanya mashitaka, na maneno yaliyomgusa msichana asiyekuwamo barazani, na mtu arudiye kuswali peke yake gizani, tumeyafanya mambo ya kupita. Kwa sababu hii tumeona yatupasa tuliandike suala hili kwa urefu kidogo: ni lini neno baya liwe kazi ya polisi, na ni lini lisiwe?

Kwanza tujue tunachokiomba tunapokwenda kituoni. Hatuombi nasaha, wala suluhu, wala jawabu ya hoja. Twaomba nguvu: mtu atolewe nyumbani kwake, atiwe pingu, alazwe seli, na watoto wake walale hawajui baba yao yuko wapi. Nguvu hiyo ni neema kwa aliyedhulumiwa, kwani mji usio na mwenye kumzuia mwonevu haukaliki. Lakini haifai kuazimwa kwa ajili ya kupoza hasira ya mtu. Mtume wetu (S.A.W.) amemkataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili hali amekasirika. Ikiwa kadhi mwenye ilimu amekatazwa, je, aliyetukanwa usiku wa jana, ambaye moyo wake ungali wachemka?

Maneno maovu basi twayagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni neno liumizalo nafsi ya mtu na lisipite hapo: tusi, kejeli, jina la dharau. Hili ni dhambi, wala asidhani mtu kwamba twalihalalisha. Sura ya Al-Hujurat imetukataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana, kupelelezana na kusengenyana. Lakini si kila dhambi ni kazi ya askari. Lau kila kusengenya kungepelekwa kituoni, ni nyumba gani katika mji huu ingebaki na watu?

Wamepokea Abu Dawud na Nasai kwamba mtu mmoja alimkasirisha sana Sayyidna Abu Bakr (R.A.), naye wakati huo ni Khalifa. Abu Barza al-Aslami akataka ruhusa amkate shingo. Abu Bakr alikataa, akamfahamisha kwamba hilo si haki ya mtu yeyote baada ya Mtume (S.A.W.). Basi tazama: mtawala aliyeudhiwa, na upanga uko tayari, na mwenye upanga ni mtu mwema; na mtawala ndiye aliyeuzuia.

Na wanahistoria wa fasihi wamesimulia kisa cha Al-Hutay'a, mshairi mwenye ulimi mkali, aliyemhiji Zibriqan bin Badr. Zibriqan akamshitaki kwa Sayyidna Umar (R.A.). Umar alipolisikia shairi aliona ni lawama tu, si matusi. Na Zibriqan aliposhikilia, Umar hakukata hukumu kwa rai yake, alimwita Hassan bin Thabit, bingwa wa fani hiyo, amweleze maana. Hassan alipothibitisha kwamba ni tusi kubwa, mshairi alifungwa. Kisha akaleta mashairi ya kuwalilia watoto wake wadogo, na Umar akamfungua, akamchukulia ahadi asiwavunjie watu heshima tena. Na yasemwa kwamba alimpa dirhamu 3,000 ili auzuie ulimi wake. Wako watakaosema, "Basi Umar alifunga mtu kwa neno!" Naam, alifunga. Lakini aliuliza kwanza mwenye kujua, aliyetukanwa hakuwa yeye mwenyewe, na jambo lilikwisha kwa suluhu.

Tukirudi kwetu Kenya, jambo hili limepita katika mahakama zetu. Kulikuwa na kifungu cha 29 katika sheria ya mawasiliano, kilichomfanya mhalifu mtu atumaye ujumbe wa kuchukiza au wa kuudhi. Mwezi wa Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha, kwa kuwa maneno yake hayana mpaka ujulikanao: kinachoniudhi mimi hakimuudhi jirani yangu. Na mwezi wa Februari 2017 Mahakama hiyo ilibatilisha kifungu cha 194 cha sheria ya jinai, kilichomfunga mtu kwa kumkashifu mwenziwe.

Je, aliyekashifiwa amebaki bila ya haki? La. Akizuliwa kwamba amekula mali ya msikiti, au ya mayatima, na ni uwongo, mlango wa madai uko wazi. Atafute wakili, adai kukanushwa na kulipwa fidia; na asilale, kwani muda wa kushitaki kashfa ni miezi 12. Wala asende kwa Kadhi kwa jambo hili, maana mahakama ya Kadhi kwa katiba yetu ni ya ndoa, talaka, mirathi na hali za nafsi za Waislamu. Fidia hurudisha heshima bila ya mtu kulala seli.

Na kwa nini twaikhofia seli? Mwezi wa Juni 2025 kijana mmoja mwalimu alikamatwa kwao Homa Bay kwa maneno aliyoshutumiwa kuyaandika mtandaoni juu ya mkubwa mmoja wa polisi. Alisafirishwa zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi, akatiwa seli, na asubuhi yake alikuwa maiti. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliomchunguza wakasema majeraha yake hayakuwa ya mtu aliyejiumiza. Mzee wake alimwona akichukuliwa akiwa hai, na aliporudishiwa alirudishiwa jeneza. Hatusemi neno juu ya ukweli au uwongo wa aliyoandika. Twasema kwamba hata lau yangalikuwa uwongo wote, hiyo ilikuwa kazi ya wakili na hakimu, wala haikuwa kazi ya seli usiku.

Basi kanuni ya fungu hili ni hii: kadiri aliyetukanwa alivyo mkubwa, ndivyo mlango wa polisi upasavyo kuwa mwembamba kwake. Mkubwa ana mimbari, ana watu, ana jawabu. Na tusidhani kwamba wakubwa ni wa Nairobi peke yao. Sheikh katika mji wake ni mkubwa. Saini tuliyotakiwa tuitie ilikuwa ni kuwatisha askari kwa jina letu ili watupatie kisasi chetu. Ni maradhi yale yale, ila yamevaa kanzu.

Fungu la pili ni neno ambalo kwa hakika ni mkono: kitisho, uchochezi, na kuwaonyesha watu njia ya kumdhuru mtu. Mfano wake bora ni wa Sayyidna Ali (R.A.) na Khawarij. Watu hawa walimkatiza maneno msikitini na wakamhukumu ukafiri mbele ya watu. Ali aliwaahidi mambo matatu: hatawazuia misikiti ya Mwenyezi Mungu, hatawanyima fungu lao katika mali ya Waislamu, wala hatawaanza kwa vita. Aliyachukua maneno yao yote. Lakini walipomwua Abdullah bin Khabbab na mwanamke wake mwenye mimba, na wakakataa kuwatoa wauaji, aliwaendea, ikawa vita vya Nahrawan mwaka wa 38 wa Hijra. Mpaka wake basi haukuwa ubaya wa neno. Mpaka wake ulikuwa damu.

Nasi leo hatuna haja ya kungoja damu imwagike ndipo tujue, maana uchochezi una alama zake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wa nchi hii zaidi ya 1,000 waliuawa katika wiki chache, na miongoni mwa kuni za moto ule zilikuwa ujumbe mfupi wa simu uliopita mkono kwa mkono kuwataja watu kwa makabila yao. Ndiyo maana mwaka 2008 ikatungwa sheria ya utangamano wa taifa, na katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, ikampa kila mtu uhuru wa kusema, kisha ikautoa nje ya uhuru huo uchochezi wa ghasia na maneno ya chuki. Anayeandika kwamba fulani hupita njia fulani peke yake na kuna wanaomngoja hajatoa rai yoyote juu ya mwezi. Amechora ramani. Huyo apelekwe polisi siku ile ile, wala asingojwe mpaka Idi.

Fungu la tatu ni neno lielekezwalo kwa asiyeweza kujibu: mwanamke azuliwaye uchafu, mtoto, na mtu ambaye picha yake ya siri imeibwa ikasambazwa. Mtu wa baraza akitukanwa hujibu, na jawabu yake humpa nafuu. Msichana akijibu, jawabu yake ndiyo huifikisha khabari kwa wasioisikia. Akinyamaza, watu husema amekiri.

Sote twakijua kisa cha Mama wa Waumini Aisha (R.A.) alivyozuliwa, akaugua kwa takriban mwezi mzima, akalia, mpaka Sura ya An-Nur ikateremka kumtakasa. Na Sura hiyo imeweka kwa amsingiziaye mwanamke mwenye kujihifadhi, asilete mashahidi 4, mapigo 80 na kutokubaliwa ushahidi wake. Hatuitaji adhabu hii ili mtu au kundi la vijana lijipe ruhusa ya kuitekeleza mitaani. Hilo ni haramu na ni fujo. Twaitaja ili tujue uzito: hapa sharia haikusema "samehe na upite" kama isemavyo kwa tusi la kawaida. Hapa sharia ilisimamisha hukumu. Na sheria ya nchi ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta na mitandao nayo iliyafanya makosa ya jinai kumwandama mtu kwa ujumbe wa kumtia khofu, na kusambaza picha zake za siri.

Na katika waliouingia uzushi ule alikuwamo Mistah, aliyepigana Badr, jamaa wa Abu Bakr, na Abu Bakr ndiye aliyekuwa akimlisha. Imepokewa kwamba alipigwa mapigo yake kama wengine; Badr haikumwokoa, wala ujamaa. Kisha Abu Bakr alipoapa kumkatia riziki, aya ikashuka kuwahimiza wenye wasaa wasamehe, naye akamrudishia. Yatazameni mambo haya mawili kwa pamoja. Hukumu haikuachwa kwa kuwa ni mwenzetu, na mtu hakutupwa kwa kuwa amehukumiwa.

Wako watakaouliza, "Na anayeitukana dini yetu na Mtume wetu (S.A.W.), naye tumwache?" Twajua jinsi jambo hili lichomavyo, nasi latuchoma. Lakini Qurani katika Sura ya An-Nisaa na Al-An'am imetufunza la kufanya tukikuta watu wanazifanyia aya mzaha: tusikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Haikutuamrisha tubakie tukisoma kila neno, tukilinakili na kuwapelekea wengine elfu ambao wasingelisikia. Toka katika kundi hilo. Ukiweza kujibu kwa ilimu, jibu. Lakini mtu huyo akiita watu wachome msikiti au wampige Mwislamu, hapo ameingia fungu la pili, na polisi ndiyo kazi yao.

Wengine watasema, "Tusi dogo lisipozuiwa hukua." Ni kweli, na wa kulizuia wapo: msimamizi wa kundi amtoe mwenye ulimi mchafu, wazee wamwite, baba yake aambiwe. Zamani mtu akivunja adabu barazani hakuitiwa askari. Alinyimwa salamu mpaka akaomba radhi. Simu haikutuondolea wazee. Sisi wenyewe ndio tulioacha kuwatumia.

Na wengine, khasa wanawake, hutuambia, "Twende polisi gani? Msichana akienda ataulizwa alivaa nini, na kisha ataombwa chai." Hili hatuwezi kulikanusha. Ndiyo sababu asende peke yake. Asifute kitu; maneno yapigwe picha kama yalivyo, pamoja na tarehe, saa na nambari ya aliyeyaandika. Shauri likiandikwa katika kitabu cha matukio, aichukue nambari ya O.B. Na waende pamoja naye watu wenye heshima. Ikiwa jina la sheikh lina uzito mbele ya askari, basi huu ndio mzigo wa kuuchukua.

Basi mtu kabla hajaishika njia ya kituoni, na ajiulize mambo manne. Je, kuna mwili au uhai ulio khatarini? Je, aliyeguswa aweza kujibu bila ya kuongeza madhara yake? Je, suluhu, kukanusha au fidia vyatosha? Na la nne, ambalo ndilo gumu: lau mwandishi angalikuwa wa upande wangu na aliyeandikwa wa upande wao, ningalikwenda? Sura ya An-Nisaa imetutaka tusimame na haki tukiwa mashahidi, ijapokuwa juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Asiyeweza kulijibu suala la nne kwa haki, asende kwa la kwanza.

Twamalizia kwa kueleza lililokuwa. Karatasi ya matusi 11 hatukuitia saini. Yaliyotuhusu sisi tumeyasamehe. Yanayomhusu mwenzetu ni yake kuyasamehe au kuyashika. Tulimwendea yule mtu wa alfajiri, ambaye kwa miaka mingi hatukuwa tukisalimiana, tukamwambia tu mashahidi wake. Tukaenda naye kituoni. Na yule msichana, mama yake alimwuliza alitakalo, maana mlango huo ni wake kuufungua, si wetu wala wa baba zake wadogo. Alisema anataka kwenda, naye alikwenda pamoja na mama yake na mmoja wa wanawake wa darasa letu. Mambo haya sasa yako mbele ya wenyewe, nasi hatutasema zaidi.

Vijana wale wawili ni wanafunzi wetu. Tutawatolea ushahidi tukiitwa, na mahali pao darasani pako, wakija watapakuta. Mwenzetu wa karatasi hajaja tangu siku ile, na wenziwe watatu wamemfuata. Wasema tumeuza watu wetu. Safu imepungua. Twawaomba warudi, na tukikutana njiani twawatolea salamu, wakijibu na wasipojibu.

Ewe Mola wetu, zilinde ndimi zetu na mikono yetu, utuonyeshe haki tuifuate hata ikiwa juu yetu, na batili tuiepuke hata ikiwa yatupendeza. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuafikia.